Shajara ya mradi: kupima kama virusi vya mafua bado vinazuiwa na dawa

Shajara hii ninaiandika kwa ajili ya mtaalamu wa maabara ambaye tayari ana mashine ya PCR (inayonakili na kutambua vipande vya jeni), kabati la usalama wa kibayolojia, chumba kidogo cha kuoteshea seli na friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri, na ambaye sasa ameulizwa swali tuliloulizwa sisi: virusi vya mafua mnavyovikusanya kila wiki, je, dawa bado inavimudu? Maabara yetu ipo Dar es Salaam. Hatua zinazopatikana katika mwongozo wowote nimezipitia harakaharaka. Makosa nimeyapa nafasi, kwa kuwa ndiyo yaliyokula muda na fedha zetu.

5 Februari 2024: Tupime nini, na kwa njia gani

Amantadine na rimantadine, dawa za zamani zinazoziba tundu la protini ya M2, tumeziondoa kwenye orodha siku ya kwanza. Karibu virusi vyote vya mafua A vinavyozunguka kwa binadamu siku hizi vina badiliko la S31N (herufi ni asidi amino iliyotoka na iliyoingia, namba ni nafasi yake kwenye protini) linalozifanya zisifue dafu, na kwa mafua B hazikuwahi kufanya kazi. Yamebaki makundi mawili: vizuizi vya nyuraminidesi, yaani oseltamivir, zanamivir, peramivir na laninamivir, na baloxavir, ambayo hushambulia kimeng'enya cha PA kinachosaidia virusi kunakili jeni zake ndani ya seli. Tutaanza na oseltamivir na zanamivir.

Nyuraminidesi ni kimeng'enya kilicho juu ya ganda la kirusi. Kazi yake ni kukata asidi ya siali iliyo juu ya seli ili virusi vipya visibaki vimenasa pale vilipozaliwa. Dawa hukaa katika tundu la kimeng'enya hicho na kukizuia kukata. Usugu unaweza kutafutwa kwa njia mbili: kusoma jeni na kutazama kama kuna badiliko linalojulikana, au kukichukua kimeng'enya chenyewe, kukipa dawa kwa viwango mbalimbali, na kupima ni kiasi gani cha dawa kinapunguza kazi yake kwa nusu. Kiasi hicho ndicho kinachoandikwa IC50.

Mkuu wetu wa kitengo alitaka tuanze na jeni, na hoja yake haikuwa dhaifu. PCR tunayo, na badiliko mashuhuri kuliko yote, H275Y, linajulikana vizuri. Katika virusi vyenye nyuraminidesi ya aina ya N1, kama H1N1, herufi moja ya jeni, ya 823, ikigeuka kutoka C kuwa T, asidi amino ya 275 hugeuka kutoka histidini kuwa tirosini, na oseltamivir hupoteza nguvu mara mamia. Mimi nilishikilia kimeng'enya kwa sababu ya mambo mawili. La kwanza ni historia: Januari 2008 Norway iliripoti kwamba sehemu kubwa ya virusi vyake vya H1N1 vya msimu vilikuwa sugu kwa oseltamivir, ingawa dawa hiyo ilitumika kidogo sana nchini humo, na kufikia msimu wa 2008 hadi 2009 karibu H1N1 yote ya msimu duniani ilikuwa hivyo. Waliokuwa wakiamini kwamba kirusi chenye H275Y ni dhaifu na hakiwezi kusambaa walishangazwa. La pili ni la juzi: mwaka 2023 virusi vya H1N1 vyenye mabadiliko mawili kwa pamoja, I223V na S247N, viliripotiwa katika mabara kadhaa vikiwa na upungufu wa wastani wa kuzuiwa na oseltamivir. Anayetafuta H275Y peke yake angeviandika vyote kuwa vya kawaida, kwa kuwa jibu la PCR haliwezi kuzidi swali ulilouliza.

Tulikubaliana kuanza na kimeng'enya, kisha jeni. Angalizo kwa anayesoma ripoti za zamani: H275Y na H274Y ni badiliko lilelile. Namba ya pili inafuata hesabu ya nafasi za N2, nyuraminidesi ya virusi kama H3N2, na kijana wetu wa mafunzo alipoteza asubuhi nzima akitafuta histidini katika nafasi ya 274 ya N1.

19 Machi 2024: Vifaa vimefika

Njia tuliyochagua hutumia MUNANA, kemikali ambayo nyuraminidesi huikata na kuachia 4-methylumbelliferone. Kemikali hii ya pili hutoa mwanga wa buluu inapomulikwa kwa mionzi ya urujuanimno: tunamulika kwa nanomita 360 hivi na kusoma kwa nanomita 450 hivi. Kimeng'enya kikifanya kazi zaidi, kisima kinang'aa zaidi. Dawa ikikizuia, kisima kinafifia. Ipo pia njia inayotumia kemikali inayotoa mwanga yenyewe bila kumulikwa, ambayo huhitaji virusi vichache zaidi, lakini vitendanishi vyake vinauzwa kama seti na bei yake ilitushinda.

Mashine ya kusomea sahani tuliazima kutoka kitengo cha jirani, kwa masharti ya kuitumia baada ya saa 8 mchana. Tulinunua MUNANA, dawa mbili za kiwango cha maabara, sahani nyeusi za visima 96 na vitu vya kutengenezea bafa, kimiminika kinachotunza pH (MES ya pH 6.5 yenye kloridi ya kalsiamu, kwa kuwa nyuraminidesi bila kalsiamu hulegea). Sahani nyeusi ni za lazima. Katika sahani angavu mwanga wa kisima kimoja huvuja hadi cha jirani, na hili tulilihakikisha wenyewe kwa kuwa mzigo wa kwanza uliletwa angavu. Sahani moja nyeusi, hadi kufika mkononi, imetugharimu takriban shilingi 18,000.

Virusi vya rejea, yaani vya kulinganishia, kimoja kisicho na badiliko na kimoja chenye H275Y, vilifika kwenye barafu kavu. Barafu ilikuwa imebaki robo ya boksi baada ya siku 4 za kusubiri makaratasi. Somo la bei rahisi: tafuta kibali cha kuingiza vitu vya kibayolojia kabla mtumaji hajafunga boksi, na hakikisha jina la virusi kwenye kibali linafanana herufi kwa herufi na lililo kwenye ankara. Letu lilitofautiana kwa mkwaju mmoja.

8 Aprili 2024: Kila kisima kinang'aa

Utaratibu kwa ufupi: mikrolita 50 za virusi na 50 za dawa huwekwa pamoja kwa dakika 45 kwenye nyuzi 37, huongezwa mikrolita 50 za MUNANA ya mikromola 300, baada ya dakika 60 kwenye nyuzi 37 huongezwa mikrolita 100 za kizuia mmenyuko, ambacho ni NaOH ya 0.14 M katika ethanoli ya asilimia 83. Alkali hiyo hufanya kazi mbili kwa mpigo, inakiua kimeng'enya na inaufanya mwanga wa buluu uwe mkali. Sahani isomwe papo hapo, kwa kuwa ethanoli hukauka, na kwa joto la hapa hukauka haraka.

Sahani 3 za kwanza zilikuwa hasara tupu. Visima vyote isipokuwa vya dawa nyingi kabisa vilitoa namba ileile, na namba yenyewe ilikuwa kikomo cha mashine. Tulipopunguza unyeti wa mashine, grafu ilionekana, lakini IC50 ya kirusi cha kawaida ilitoka mara 6 juu ya tuliyotarajia. Nilikaribia kulaumu safari ya barafu kavu.

Kosa lilikuwa letu. Tulikuwa tumetumia virusi bila kuvizimua vya kutosha, hivyo kimeng'enya kilikuwa kingi mno na MUNANA ilikuwa ikikaribia kuisha kabla ya dakika 60. Katika hali hiyo unaweza kukizuia kimeng'enya kwa asilimia 30 na mwanga usipungue, kwa sababu asilimia 70 iliyobaki inatosha kumaliza chakula chote mezani. Dawa inaonekana dhaifu na kirusi kinaonekana sugu.

Dawa ya kosa hili ni kupima kwanza nguvu ya kila kirusi peke yake, bila dawa, kwa kukizimua mara mbili mbili kwenye sahani moja, kuchora grafu, kisha kuchagua mzimuo ulio katikati ya sehemu iliyonyooka, pale ambapo nusu ya virusi hutoa nusu ya mwanga. Sahani hiyo ya ziada huonekana kama ubadhirifu kwa mtu wa stoo, ambaye aliniuliza, "Mtaalamu, hizi sahani mnazila?" Lakini tangu tuanze kuitumia hatujarudia sahani hata moja kwa sababu hiyo. Hasara hadi hapa: sahani 9 na wiki 2.

26 Aprili 2024: Virusi vyote sugu

Wiki hii nilikaribia kuandika barua ambayo ingeniaibisha. Kwa oseltamivir virusi vyote viwili vya rejea, kile cha kawaida na kile chenye H275Y, vilitoa grafu iliyolala kama meza. Hata kwenye nM 1,000 (nanomola, kipimo cha ukolezi wa dawa) mwanga ulishuka kidogo tu. Nilidhani vichupa vya virusi vimebadilishana lebo, au kirusi sugu kimechafua kile cha kawaida wakati wa kuotesha. Tukaviotesha upya kutoka kwenye akiba, siku 5 za kazi, tukapata grafu ileile.

Aliyetuokoa ni dada wa kitengo cha molekuli, ambaye hakuwahi kufanya kipimo hiki maishani. Aliangalia sahani akauliza kwa nini zanamivir, iliyo kwenye sahani hiyohiyo, na virusi hivyohivyo, na pipeti ileile, imetoa grafu nzuri. Kama virusi vimekufa, zanamivir isingeonyesha kitu. Kama mashine ni mbovu, isingeonyesha kitu vilevile. Na kwenye nM 1,000 hata kirusi chenye H275Y kilipaswa kuzuiwa. Kilichobaki ni chupa ya oseltamivir.

Tuliitoa kwenye friza na kusoma lebo kwa sauti: oseltamivir phosphate. Hii ndiyo iliyo ndani ya kidonge, na kwenye mwili wa mgonjwa ni nzuri kabisa, kwa sababu vimeng'enya vya ini huikata na kuigeuza kuwa oseltamivir carboxylate, ambayo ndiyo hasa inayoingia kwenye tundu la nyuraminidesi. Ndani ya kisima cha plastiki hakuna ini. Fomu ya manunuzi iliandikwa "oseltamivir" peke yake, na mwandishi wa fomu ni mimi. Muuzaji alileta alichoombwa, cha bei nafuu. Zanamivir haina mtego huu kwa kuwa hufanya kazi kama ilivyo.

Carboxylate ya miligramu chache, pamoja na usafiri, imetugharimu zaidi ya shilingi milioni moja ambazo hazikuwa kwenye bajeti, na tumeambiwa tusubiri wiki 5. Ukinakili mradi huu, andika neno carboxylate kwa herufi kubwa kwenye fomu, na mpigie simu mtu wa manunuzi umsomee.

10 Juni 2024: Virusi vya rejea vimekaa sawa

Dawa sahihi imefika. Tumeigawa kwenye vichupa vya matumizi ya mara moja na kuvigandisha, ili isigandishwe na kuyeyushwa mara kwa mara. Kirusi cha kawaida kimetoa IC50 ya oseltamivir ya nM 0.5, na chenye H275Y nM 190. Kwa zanamivir vyote viwili viko chini ya nM 1, kama inavyotakiwa. Tofauti hii ina sababu ya kimaumbile: ili oseltamivir ikae, asidi ya glutamiki iliyo jirani na nafasi ya 275 hulazimika kujigeuza kuipisha, na tirosini, ambayo ni kubwa kuliko histidini, huizuia isigeuke sawasawa. Zanamivir haihitaji kupishwa. Kwa sababu hiyo maabara inayopima dawa moja tu haina namna ya kumwambia daktari ni ipi iliyobaki.

Makosa mawili ya mikono yamejitokeza kabla ya kufika hapa. Tulikuwa tukihamisha dawa kutoka kwenye ukolezi mkubwa kwenda mdogo kwa ncha zilezile za pipeti, ili kuokoa ncha. Tone dogo lisiloonekana la nM 1,000 likiingia kwenye kisima cha nM 0.1 linakiharibu kabisa, na kirusi huonekana dhaifu kuliko kilivyo. Sasa tunahamisha kutoka mdogo kwenda mkubwa, na wakati wa kuzimua tunabadilisha ncha kila hatua. Ncha tulizookoa hazikufikia nusu ya bei ya sahani tulizotupa.

La pili ni la hesabu. Ukolezi wa dawa tuliuandika kama ulivyo kwenye mikrolita 100 za virusi na dawa, wakati mwenzangu alikuwa akiuandika kama ulivyo baada ya kuongeza MUNANA, yaani kwenye mikrolita 150. Namba zake zilikuwa theluthi moja chini ya zangu kila mara, na tulibishana siku 2 juu ya pipeti ya nani ni mbovu. Maabara mbalimbali huandika kwa namna zote mbili, ndiyo maana IC50 ya maabara moja haiwekwi sambamba na ya nyingine hivihivi. Kinacholinganishwa ni uwiano: IC50 ya kirusi chako imezidi mara ngapi ile ya virusi vya kawaida vya aina hiyohiyo ndani ya maabara yako mwenyewe. Kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani, mafua A ikizidi chini ya mara 10 ni kuzuiwa kwa kawaida, mara 10 hadi 100 ni kuzuiwa kulikopungua, na zaidi ya mara 100 ni kulikopungua sana. Kwa mafua B mipaka ni mara 5 na mara 50. Vigezo hivi havitumii neno "sugu", na sisi tumeliondoa kwenye fomu zetu, kwa kuwa kisima hakiwezi kusema mgonjwa atapona au la.

Lingine ni la kuangalia na mafua B: IC50 zake za oseltamivir kwa kawaida ziko juu ya zile za mafua A mara kadhaa. Kijana wa mafunzo alikuja mbio na nM 14 akidhani amegundua kitu. Ilikuwa B ya kawaida kabisa.

15 Julai 2024: Kirusi sugu kilichozaliwa kwetu

Tumeanza sampuli zetu wenyewe. Virusi vilivyo kwenye kijiti cha pua huwa vichache mno kwa kipimo hiki, kwa hiyo lazima vioteshwe kwanza, nasi tunatumia seli za MDCK-SIAT1 zenye vipokezi vingi vya aina inayopendwa na mafua ya binadamu. Kati ya virusi 8 vya kwanza, H3N2 moja ilitoa IC50 ya zanamivir iliyozidi mara 14, na ya oseltamivir imepanda pia ingawa si sana. Grafu yake haikuteremka kwa mteremko mmoja. Ilishuka, ikatulia katikati kama ngazi, kisha ikashuka tena.

Ngazi hiyo ndiyo iliyonizuia kuandika ripoti, kwa kuwa kirusi cha aina moja hakina sababu ya kuteremka kwa awamu mbili. Tulisoma jeni ya nyuraminidesi ya virusi vilivyooteshwa, na katika nafasi ya 151 tukakuta mchanganyiko: asidi ya aspatiki ya kawaida, na pamoja nayo glisini. Kisha tukarudi kwenye friza, tukachukua kijiti chenyewe cha mgonjwa, tukasoma nafasi ileile: asidi ya aspatiki tupu.

Badiliko la nafasi ya 151 katika H3N2 linajulikana kwa tabia hii. Nyuraminidesi yenye badiliko hilo huweza kushika seli badala ya kukata tu, jambo linalokisaidia kirusi ndani ya chupa ya seli, na hivyo kila unapokihamisha kwenda chupa mpya ndivyo linavyozidi. Mgonjwa hakuwa na usugu wowote. Usugu ulizaliwa kwenye inkubeta yetu, kwa sababu tulikuwa tumeotesha mara 3 ili kupata virusi vingi. Sasa hatuzidi mara 2, na hakuna kirusi kinachoripotiwa kuwa na upungufu kabla jeni yake haijasomwa kutoka kwenye sampuli ya awali. Hii ina maana moja ya gharama: sampuli ya awali isitumike yote. Tunaacha mikrolita 200 kwenye kichupa cha kifuniko chekundu, na ufunguo wa sanduku hilo ninao mimi.

2 Septemba 2024: Mambo madogo

Umeme ulikatika dakika ya 20 ya zile 60. Jenereta iliwaka, lakini inkubeta haikuwa kwenye laini yake. Sahani 2 zilitupwa.

Kirusi kimoja kilitoa mwanga mkubwa usiozuiwa na dawa yoyote kati ya zote mbili. Chupa yake ilikuwa na ukungu mwepesi: bakteria. Baadhi ya bakteria wa njia ya hewa, pneumokokasi akiwemo, wana nyuraminidesi yao ambayo dawa hizi hazijatengenezwa kuizuia. Kipimo hakijui kimeng'enya ni cha nani. Tunachuja, tunaongeza viuavijasumu, na chupa yenye ukungu haiingii kwenye sahani.

7 Oktoba 2024: Mchanganyiko, na kwa nini PCR imerudi

Mkuu wa kitengo aliuliza swali ambalo nilikuwa nimelikwepa: mgonjwa akianza kujenga usugu katikati ya matibabu, virusi vyake havigeuki vyote siku moja. Kipimo chako kitaona sehemu ya sugu ikiwa asilimia ngapi?

Tulichanganya virusi viwili vya rejea kwa uwiano wa nguvu ya kimeng'enya, si kwa ujazo. Kirusi chenye H275Y kikiwa asilimia 20, IC50 ilipanda chini ya mara 2. Kikiwa asilimia 40, ilipanda takriban mara 5, ambayo kwa vigezo bado ni kuzuiwa kwa kawaida. Ni pale kilipofika asilimia 50 ndipo IC50 iliporuka hadi takriban mara 20. Ukikaa na kalamu utaona kwamba haiwezi kuwa vinginevyo: IC50 inatafuta mahali ambapo nusu ya kazi imezuiwa, na maadamu kirusi cha kawaida kinafanya zaidi ya nusu ya kazi, nusu hiyo hupatikana kwake peke yake. Kwa hiyo namba inaweza kuwa safi huku karibu nusu ya virusi ikiwa imeshabadilika.

Grafu yenyewe, hata hivyo, haifichi. Kwenye nM 10 kirusi cha kawaida hubakiwa na asilimia 5 hivi ya mwanga wake; mchanganyiko wa asilimia 20 ulibakiwa na asilimia 23. Tangu siku hiyo hatusomi IC50 bila kutazama mkia wa grafu, na mkia unaokataa kushuka unapelekwa moja kwa moja kwenye jeni.

Hapo ndipo PCR ya H275Y ilipochukua nafasi yake. Tunatumia probu (vipande vya DNA vinavyowaka vikishika jeni inayolingana navyo) mbili za rangi tofauti, moja ya C na moja ya T kwenye nafasi ya 823, moja kwa moja kwenye sampuli ya awali bila kuotesha. Imeuona mchanganyiko wa asilimia 10 bila taabu. Mushkili mmoja: sampuli iliyokuwa na virusi vya kutosha, Ct (mizunguko ya PCR hadi ishara ionekane; ikiwa ndogo, virusi ni vingi) ya 24 kwenye jeni ya M, haikuwaka kwa probu hata moja. Kusoma jeni kulionyesha badiliko lisilo na madhara mahali probu inaposhika. Kutowaka kwa zote mbili tunakuandika "haikusomeka", na sampuli hupelekwa kusomwa jeni nzima. Mwanzoni mtu mmoja alikuwa akiiandika "H275Y haipo".

18 Novemba 2024: Hesabu, na kilichobaki

Tumepima virusi 22 vya hapa kwa njia ya kimeng'enya. Tukiacha vile viwili tulivyoviharibu wenyewe, cha nafasi ya 151 na cha bakteria, vyote vimezuiwa kwa kawaida na dawa zote mbili. Sahani nyeusi zimetumika 64, na kwa hesabu yangu 27 kati yake zimelipia makosa yaliyoandikwa humu. Muda uliopotea kwa kusubiri mizigo unazidi muda tuliokaa mbele ya kabati. Anayeanza leo akiwa na dawa sahihi, sahani sahihi na virusi vya rejea mkononi, nadhani angefika tulipo kwa wiki 6.

Baloxavir haipimiki kwa sahani hizi, kwa kuwa haigusi nyuraminidesi. Inahitaji kirusi kizima kiachwe kizaliane ndani ya seli pamoja na dawa, kisha yahesabiwe makundi ya seli zilizoambukizwa, na kizidisho cha zaidi ya mara 3 tu tayari kinahesabiwa kuwa upungufu. Kwa sasa tutasoma jeni ya PA na kutazama nafasi ya 38, ambako isolusini ikigeuka kuwa threonini ndiyo habari mbaya inayojulikana zaidi. Nimeshaeleza juu kwa nini kusoma nafasi moja hakuniridhishi.

MUNANA iliyobaki kwenye friza inatosha sahani 11. Pipeti ya midomo minane imepelekwa kurekebishwa leo asubuhi, na inkubeta imehamishiwa kwenye laini ya jenereta. Virusi 9 vya Oktoba vinasubiri zamu yao. Viwili kati yake ni H3N2, na vyote viwili vimeoteshwa mara moja tu.